Kushuka Mlimani: Makamo na Baisikeli

Umri ni mgeni asiyebisha hodi. Huingia pole pole, hukaa kitako, na siku tunapomtambua huwa amekwisha kuwa mwenyeji. Kwa sisi tulio katika makamo, yaani baina ya ujana uliokwisha kutuaga na uzee ambao bado haujatupokea, vipo vitu vingi vya kutufichia ujio wake. Cheo kimepanda, sauti imepata uzito, wajukuu wameanza kuzaliwa, na vijana hutuamkia "shikamoo" tunapopita. Mtu akiketi nyuma ya meza yake ya kazi aweza kudhani kuwa hakupungukiwa na kitu, bali ameongezewa.

Lakini na apande baisikeli. Kabla hajafika nusu ya mwinuko wa kwanza atakuwa amekwisha pata hesabu yake kamili. Baisikeli haijui cheo wala haisomi barua ya kupandishwa daraja. Hupokea nguvu ilizopewa na miguu, hulipa mwendo unaolingana na nguvu hizo, na haikopeshi.

Katika makala haya tunataka kulichunguza swali dogo kwa umbo lakini si dogo kwa maana. Mtu wa makamo anaposhuka katika baisikeli na kuikokota mlimani, mahali ambapo zamani alipanda bila kuweka mguu chini, je, ameshindwa? Na kama hakushindwa, amefanya nini? Ndani ya swali hilo mna swali jingine kubwa zaidi: ni lipi limpasalo mtu anapoanza kupungukiwa na nguvu, hali kazi yake, jamaa zake na taifa lake bado vinamhitaji?

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl Drais, aliendesha mjini Mannheim chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli wala mnyororo. Mpandaji alijisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu yake. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baisikeli ambayo magurudumu yake yalikaribia kulingana, na mnyororo ukazungusha gurudumu la nyuma. Hilo ndilo umbo tulijualo hadi leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya ubunifu wa mpira wa kujazwa upepo. Raleigh iliyotoka Nottingham na Phoenix iliyotoka Shanghai, ambazo kwa miaka mingi ziliwabeba walimu, makarani, wauguzi na wakulima wa nchi yetu, zote ni za ukoo huo mmoja.

Jambo la kuangalia katika historia hiyo ni kwamba wavumbuzi hao walipunguza mtikisiko na wakaongeza mwendo, lakini hakuna hata mmoja aliyeongeza nguvu za mpandaji. Injini ya baisikeli ni mwenye baisikeli. Mtu mwenye motokaa huzeeka, na motokaa yake ikiwa mpya humfichia uzee wake. Hukanyaga kwa kidole cha mguu, na mlima unatoweka. Mwenye baisikeli hana pazia hilo. Kwa sababu hiyo tunaiita baisikeli shahidi, tena shahidi asiyehongeka.

Sasa shahidi huyu hutoa ushahidi gani? Wataalamu wa miili hutuambia kuwa kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo hupungua kadiri miaka inavyoongezeka, hata kwa mtu mwenye mazoezi. Misuli hupungua wingi na nguvu, hasa isipotumiwa. Uchovu ambao zamani uliondoka kwa usingizi wa usiku mmoja sasa hudai siku mbili. Hayo hayana mjadala, na wahenga hawakungoja wataalamu ili wayaseme: ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Hata hivyo ushahidi haukomei hapo. Mwaka 2015 wachunguzi wa chuo cha King's College mjini London walitangaza habari za waendesha baisikeli 125, wanaume 84 na wanawake 41, wenye umri wa miaka 55 hadi 79. Hawakuwa mabingwa wa kulipwa, bali watu wa kawaida walioshika mazoezi. Ili kukubaliwa katika uchunguzi huo, mwanamume alipaswa kuweza kuendesha kilometa 100 kwa muda usiozidi saa sita na nusu, na mwanamke kilometa 60 kwa muda usiozidi saa tano na nusu. Miili yao ilipopimwa, ilionekana kuwa tofauti baina ya mtu na mtu ni kubwa kiasi kwamba hapakuwa na kipimo kimoja ambacho peke yake kingeweza kutaja umri wa mtu kwa uhakika. Mwaka 2018 uchunguzi wa kundi hilo ukaonyesha kuwa misuli yao ilikuwa imeepukana na mengi ya mapungufu ambayo huhesabiwa kuwa ni ya uzee. Maana yake ni kwamba mengi tunayoyaita umri siyo umri, ni kiti.

Mfano wa mtu mmoja utayaweka wazi maneno hayo. Mfaransa Robert Marchand alizaliwa mwaka 1911. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 100, aliendesha baisikeli uwanjani kwa saa moja akapata kilometa 24.251. Akaendelea na mazoezi yaliyopangwa kwa utaratibu, na mwaka 2014, akiwa na miaka 102, akapata kilometa 26.927. Mwaka 2017, akiwa na miaka 105, akajaribu tena, akapata kilometa 22.547. Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 109. Msomaji na azilinganishe tarakimu hizo tatu. Baina ya ya kwanza na ya pili, mazoezi yalimshinda umri. Baina ya ya pili na ya tatu, umri uliyashinda mazoezi. Mambo yote mawili ni kweli, tena yalikuwa kweli katika mwili wa mtu mmoja. Anayeshika la kwanza peke yake hujidanganya, na anayeshika la pili peke yake hujidanganya vile vile.

Basi katika makamo tunakabiliwa na uongo wa namna mbili.

Uongo wa kwanza ni wa kujifanya kijana. Tumwangalie mtu wa miaka 52 aendaye zake kazini kwa baisikeli. Nyuma yake anatokea kijana aliyefunga madumu ya maziwa kwenye keria, anapiga kengele, anapita. Mtu mzima yule anaona kama ametukanwa. Anainuka kwenye tandiko, ananyonga kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, tai inapepea begani, na kijana wala hajui kuwa yumo katika mashindano. Tukio hilo linachekesha, na kama lingeishia hapo tungeliacha lipite. Lakini mtu huyo huyo huenda kesho akampakia mtoto wake wa shule na kuuachia mteremko kwa mwendo ambao macho yake na mikono yake haiwezi tena kuutawala. Hapo si kichekesho tena, kwa kuwa gharama ya majivuno yake itaangukia mgongoni pa mwingine.

Tena mwenye tabia hiyo barabarani hukosa kuiacha mlangoni pa ofisi. Utamwona ameshika funguo zote, kila jalada lazima lipite mkononi mwake, na kijana aliye chini yake hufanya kazi miaka kumi bila kufundishwa ile siri ndogo ya kazi. Kwa watumishi wengi wa umma nchini, kustaafu kwa hiari huanza katika miaka 55, na kwa lazima katika miaka 60. Tarehe hiyo hujulikana tangu siku ya kuajiriwa, haimvamii mtu. Lakini wapo wanaoifikia kama watu walioangushwa na baisikeli gizani, wala hawana hata mmoja waliyemfundisha kushika usukani. Kumpisha kijana njiani na kumfundisha kijana kazi ni adabu moja.

Uongo wa pili ni wa kujizeesha. Huu ni mtamu kuliko wa kwanza, na katika utamaduni wetu una mahali pazuri pa kujificha. Sisi ni watu tunaowaheshimu wazee, na ni fahari yetu. Humwinukia mzee kitini, humpokea mzigo, hatumkatizi maneno yake. Lakini palipo na heshima hapakosi mwenye kuinyemelea kabla ya wakati wake. Mtu wa miaka 46 mwenye afya njema humtuma mtoto aliye katikati ya masomo aende dukani, mwendo wa hatua mia, kwa sababu "sisi wazee magoti yetu hayana nguvu". Panapotokea kazi ya msaragambo yeye ni mzee. Panapotokea uchaguzi wa viongozi, au safari yenye posho, yeye ni kijana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60. Anayedai uzee miaka kumi na minne kabla ya hapo, ili akwepe kazi, anadai kisicho chake, na anawapunja walio wazee kweli.

Tunasema hivi bila kuivunjia heshima mila. Wazee wetu walipewa heshima kwa kuwa walilima, walihukumu kwa haki, walihifadhi majina ya ukoo na dawa za miti, na nguvu za mikono zilipowaishia waliendelea kutoa maneno yenye faida. Heshima ilikuwa ni malipo ya kutoa, haikuwa ruhusa ya kuacha kutoa. Utu uzima dawa, walisema. Nao hawakusema kuwa utu uzima ni udhuru.

Ipo dawa ya uongo huu wa pili, nayo ni kujifunza jambo jipya na kukubali kuonekana mwanafunzi. Mwandishi wa Urusi Leo Tolstoy alijifunza kuendesha baisikeli mjini Moscow mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 66, katika mwaka ambao mwanawe mdogo alikuwa amefariki. Alikuwa amekwisha kusifiwa duniani kote. Hakuwa na haja ya kuyumba mbele za watu juu ya magurudumu mawili. Akayumba, akajifunza. Kwetu pia wapo kina mama wengi ambao utotoni walinyimwa baisikeli kwa kisingizio cha adabu, ikapewa kaka zao, wao wakabaki na mizigo kichwani. Mama kama huyo akianza kujifunza leo, akiwa na miaka 50, anayemcheka anajifunua ujinga wake mwenyewe. Anayejifunza hajazeeka katika lile analojifunza.

Hapa msomaji aweza kutukatiza na kusema: "Maneno haya ni ya watu wenye nafasi. Yuko mchuuzi wa madafu jijini Dar es Salaam, yuko mwenye magunia ya mkaa anayeshuka toka milimani alfajiri. Hao wana miaka 50 na zaidi. Hawakuchagua baisikeli ili wajipime umri. Wamo juu yake kwa sababu ya chakula cha watoto. Mnawaambiaje habari za kujifanya kijana na kujizeesha?"

Pingamizi hilo ni la haki, na hatutalikwepa. Katika Shinyanga, Tabora na Mwanza, waendesha baisikeli waliobeba abiria, ambao chombo chao kiliitwa daladala kama basi, walikuwa wakiuza nguvu za mapaja yao kwa shilingi chache. Mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, baisikeli za kuvusha watu ndizo zilizozaa jina la bodaboda kabla pikipiki hazijalirithi. Pikipiki zilipozidi, nyingi ya baisikeli hizo ziliondoka njiani, na mpandaji mwenye makamo akajikuta ameachwa nyuma mara mbili: na miaka yake, na mashine ya mwenzake. Mtu wa namna hiyo, asiye na hiari ya kushuka, hapimwi yeye kwa mlima. Inapimwa jamii. Swali halimhusu yeye tena kama ana moyo wa kukubali. Latuhusu sisi, kama tumemwekea mahali pa kushukia. Pembe ya barabara iliyoachiwa baisikeli, dereva wa lori anayepunguza mwendo, mtoto aliyesomeshwa akakumbuka, na pensheni kwa asiyekuwa na mwajiri, hayo ndiyo mahali pa kushukia. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee waliotimiza miaka 70, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Kiasi ni kidogo, lakini maana yake ni kubwa: taifa limekiri kuwa hata asiyekuwa na barua ya kustaafu huchoka.

Sasa turudi kwa yule mwenye hiari, na kwa swali letu la mwanzo. Anayeijua Iringa anaujua mwinuko utokao Ipogolo, bondeni kwenye Mto Ruaha Mdogo, hata kufika mjini juu. Mtu wa makamo akiuanza mwinuko huo na mzigo wake, yapo mambo matatu aweza kutenda. Aweza kunyonga mpaka pumzi imkatike, aanguke na mzigo umwagike. Aweza kugeuza usukani arudi bondeni, aseme mjini si kwa watu wa umri wake. Au aweza kushuka mapema, kabla magurudumu hayajaanza kuyumba, akashika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili, akaikokota baisikeli hadi juu, kisha akapanda tena. Wa kwanza amedanganywa na ujana, wa pili amedanganywa na uzee. Wa tatu anafika mjini, na mboga zake zinauzwa.

Jambo alilolibadili mtu wa tatu ni namna ya kwenda, wala hakubadili mahali aendapo. Hiyo ndiyo tofauti ya kushuka na kushindwa. Kushindwa ni kuiacha safari. Kushuka ni kuiacha fahari ili safari isiachwe. Tena kushuka kuna wakati wake: anayeshuka mapema hushuka kwa miguu, na anayechelewa hushushwa kwa ubavu. Wahenga walipotuambia kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, hawakutufundisha uvivu. Walitufundisha kuwa anayekijua kipimo cha nguvu zake ndiye anayeweza kuingia mashindanoni tena kesho. Maana hiyo tumeitia katika ubeti huu, ili wanafunzi waihifadhi kwa wepesi:

Mlima ukikushinda, shuka pasi kuchelea,
Nguvu zako ukilinda, safari itakwendea,
Kilele utakipanda, kwa miguu kutembea,
Kushuka si kukimbia, mwendo ni kuendelea.

Lakini kushuka kuna jambo moja gumu ambalo ubeti haukulitaja. Anayekokota baisikeli mlimani mara nyingi hutokewa na kijana nyuma yake, akaweka mkono kwenye keria na kusukuma, bila kuombwa. Ni desturi nzuri, ingaliko vijijini na hata katika miji. Ugumu ni kuupokea mkono huo. Wapo wanaoukataa kwa ukali, wakisema hawajawa wazee. Wapo wanaoupokea na papo hapo wakaacha kusukuma wenyewe, wakamwachia kijana mzigo wote. Adabu ya makamo ni kuupokea mkono na kuzidisha juhudi yako, ili nguvu ya kijana iwe nyongeza, isiwe badala. Taifa nalo huenda mbele kwa namna hiyo hiyo: wenye miaka mingi wanashika usukani kwa kuwa wanaijua njia, wenye nguvu wanasukuma, na mzigo ni wa wote.

Kwa hiyo tuna neno kwa walimu na kwa wanafunzi wao. Kijana umpitaye mtu mzima kilimani, piga kengele mapema, mwamkie, upite. Usimcheke, maana mlima ule ule unakungoja. Tena jua kuwa pumzi utakayokuwa nayo katika miaka 50 unaiweka akiba sasa, kwa kila safari unayokwenda kwa miguu yako mwenyewe. Nasi wa makamo tunaopitwa, tusiinuke kwenye tandiko kwa hasira, wala tusiipe baisikeli mgongo tukaiegemeza ukutani ipate kutu. Tuijaze upepo, tuutie mnyororo mafuta, tuangalie breki, tutoke asubuhi. Penye tambarare tupande. Penye mlima unaotuzidi tushuke na kukokota. Na tukifika juu tupande tena, kwa kuwa kazi iliyotutoa nyumbani bado haijatendwa.